Risasi ya kulehemu haiokoi pini iliyobanwa vibaya

Mradi wa Arduino, bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu, ukizimika kila ukiguswa, wengi hukimbilia kulaumu programu. Kabla ya hapo, itazame pini iliyo mwishoni mwa waya, kile kipande cha chuma kinachobanwa (crimp) kwenye nyuzi zake za shaba. Kuna imani tano potofu kuhusu pini hizi na plagi zake.

"Paka nyuzi risasi kwanza, ndipo ubane."

Imani hii ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote, maana inavutia macho: nyuzi zinashikamana, hazitawanyiki. Lakini risasi ni laini. Ikikaa chini ya mgandamizo hujongea polepole. Miezi ikipita pini inalegea, ukinzani unapanda, joto linaongezeka na kuilegeza zaidi. Shaba tupu ikibanwa sawasawa hukandamana na kuta za pini hadi hewa ikose pa kupenya, na kutu ikose pa kuanzia.

Kuongeza risasi baada ya kubana nako si dawa. Hunyonywa na nyuzi hadi ndani ya ganda la plastiki la waya, waya ikakakamaa kama kijiti, na pale ukakamavu unapoishia ndipo inapokatikia. Kwenye roboti inayotikisika utaliona hilo mapema.

"Plaizi inatosha."

Kushika, ndiyo. Pini ndogo za XH au Dupont, aina mbili za viunganishi vya waya, zina jozi mbili za mabawa: ya mbele kwa shaba, ya nyuma kwa ganda. Koleo la kubania huyakunja ya mbele yakazama katikati ya nyuzi, umbo la herufi B. Plaizi huyalaza tu. Ya nyuma hupokea mvuto ili shaba isiumie. Ganda likiingia chini ya mabawa ya mbele, kata uanze upya. Mimi humenya milimita 2 hadi 3, nabana, kisha navuta kwa vidole. Ikichomoka, heri ichomokee mezani.

"Milimita 2.5 na 2.54 ni zilezile."

Kwa pini mbili huoni tofauti. Umbali kati ya pini na pini kwa XH ni 2.5, kwa Dupont ni 2.54; kwenye safu ya pini 10 zinapishana milimita 0.36, na hapo hakuna kusukuma kutakakosaidia.

"XH ni ya ampea 3, basi itabeba 3."

Ikiwa na waya ya AWG 22, ndiyo. AWG ni kipimo cha unene wa waya, na namba yake ikipanda waya inakonda: ya 28 ina shaba kama robo tu ya ile ya 22.

"Plagi ikiingia, chanya na hasi ziko sawa."

Umbo la JST PH ya pini 2, plagi ndogo ya betri, linazuia kuchomeka kinyume, ila halimlazimishi muuzaji wa betri kuweka waya nyekundu upande fulani. Betri mbili za lithiamu kutoka maduka mawili zaweza kuja zimepishana. Pima kwa multimita kwanza. Zikiwa kinyume, bonyeza kijiulimi cha chuma cha pini kwa sindano, chomoa moja, ifunge kwa tepu ya umeme, ndipo uiguse ya pili.