Umoja wa wakazi si serikali ya mtaa

"Mtaa umepandisha ada ya ulinzi." Kauli hiyo utaisikia Forest hapa Mbeya, utaisikia Isyesye, utaisikia Gangilonga kule Iringa, na mara nyingi si kweli. Aliyepandisha ada ni umoja wa wakazi. Serikali ya mtaa haikukaa kikao cha jambo hilo. Kwa kuwa sura kwenye mikutano ni zilezile, na pengine mwenyekiti ni mtu yuleyule, watu wanaona ni chombo kimoja. Ni viwili, na kuvichanganya kunawagharimu wakazi fedha na haki zao.

Kwa kifupi, umoja wa wakazi ni chama cha hiari cha majirani wanaochangia mambo ambayo kaya moja haiyawezi peke yake: mlinzi wa usiku, kifusi cha barabara, mtaro, taa, gari la taka. Una katiba, viongozi wa kuchaguliwa, ada, leja na akaunti. Kwingine unaitwa umoja wa wenye nyumba, kwingine kamati ya maendeleo. Mipaka yake ni ile waliyokubaliana wenyewe, ndiyo maana mtaa mmoja unaweza kuwa na umoja tatu, na umoja mmoja unaweza kukatiza mitaa miwili.

Serikali ya mtaa imewekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982. Mwenyekiti na wajumbe wa kamati yake huchaguliwa kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho tarehe 27 Novemba 2024, na afisa mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri. Huku hakuna kujiunga wala kujitoa. Ukihamia Iyela leo, uko chini ya serikali ya mtaa wako, uipende usiipende, na ukiwa na miaka 18 una sauti kwenye mkutano wake hata kama unapanga chumba kimoja.

Sasa tofauti inayosahaulika kuliko zote. Serikali ya mtaa yenyewe haina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Sheria ndogo za mjini hutungwa na halmashauri ya jiji, manispaa au mji, kisha hupata kibali cha waziri. Mtu aliyekulia kijijini Rungwe au Njombe anaweza kushangaa, kwa sababu kule halmashauri ya kijiji ina hadhi yake kisheria na inaweza kutunga sheria ndogo zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Akihamia Mbeya mjini, anadhani mtaa ni kijiji kilichopata lami. Sivyo. Ikiwa serikali ya mtaa yenyewe haiwezi kutunga sheria ya kukutoza, umoja wa majirani utaiweza kwa njia ipi?

Nguvu ya umoja inatoka mahali pamoja tu, nayo ni makubaliano ya wanachama. Uliyesaini fomu na kupokea katiba, ada ni deni lako na unaweza kudaiwa kama deni jingine lolote. Ambaye hukujiunga, unaombwa. Huamriwi. Unaweza kukosa huduma ambayo kweli inaweza kukatwa, mfano gari la taka kutosimama getini kwako. Lakini hakuna anayeweza kukutoza faini, kukufungia njia ya kufika kwako, wala kukunyima huduma ya serikali.

Hilo la mwisho ndilo linalokera zaidi, kwa sababu linafanyika. Mkazi anakwenda ofisi ya mtaa kuomba barua ya utambulisho, ya kufungulia akaunti au ya kumdhamini ndugu yake polisi. Anaulizwa: "Ada ya umoja umelipa?" Hajalipa, basi muhuri haugongwi. Kosa hapo ni kubwa. Muhuri ni wa serikali ya mtaa, unamhudumia kila mkazi, na hauwezi kugeuzwa chombo cha kukusanyia madeni ya chama cha hiari. Anayenyimwa barua kwa sababu hiyo aombe jibu kwa maandishi, kisha apande ngazi: mtendaji wa kata, halafu ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri. Kwa kawaida neno "kwa maandishi" pekee linatosha kumaliza ubishi.

Njia rahisi ya kujua fedha yako inakwenda kwa nani ni risiti. Malipo ya halmashauri yanatoka na namba ya malipo, ile kontro namba, au risiti ya mashine. Umoja unakupa stakabadhi yake yenye jina la umoja na saini ya mweka hazina. Ukipewa karatasi yenye muhuri wa mtaa kwa fedha ya umoja, au ukikosa karatasi kabisa, simama hapo hapo uulize. Na balozi wa nyumba kumi akipita kuchangisha, kumbuka kwamba yeye ni kiongozi wa shina la chama cha siasa, CCM. Anaweza kuwa jirani mwema na mwanachama mzuri wa umoja, ila cheo chake hakimpi mamlaka ya ada.

Kuhusu usajili, watu wengi wanaishia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri: muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama yenye saini, katiba, barua ya mtendaji. Kwa umoja mdogo inatosha, kwa sababu benki inataka cheti ili ifungue akaunti. Unaotaka kuwa jumuiya kamili unakwenda kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, kwa Sheria ya Jumuiya, Sura 337. Ila mkitaka kumiliki kiwanja cha kisima au cha ofisi kwa jina lenu, cheti cha jumuiya peke yake hakitoshi. Mnahitaji wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, kwa Sura 318. Wasiojua hili huandikisha kiwanja kwa jina la mwenyekiti, na mwenyekiti akifariki, warithi wanadai kiwanja, nao wana karatasi mkononi. Na umoja ukianza kukopeshana kwa riba, unaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na unatakiwa kusajiliwa kama kikundi cha kifedha. Ni bora kikoba kikae peke yake, na leja yake.

Msitegemee pia ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hiyo ni mikopo ya vikundi vya wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2). Umoja wa wakazi una watu wa kila aina, kwa hiyo haumo.

Hesabu ndipo umoja nyingi zinapovunjikia. Chukua kaya 60, ada 10,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 600,000. Kamati inaajiri walinzi wawili kwa 250,000 kila mmoja, inaona imebaki laki moja, inafurahi. Imesahau kwamba ukiajiri wewe ni mwajiri: michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na angalau nusu yake ni ya mwajiri, yaani 50,000 kwa walinzi wote wawili. Gharama halisi ni 550,000. Halafu mwezi wa tatu tangu waanze wanalipa kaya 40 tu, zinaingia 400,000, mlinzi mmoja anaondoka na aliyebaki analala. Bajeti ipangwe kwa theluthi mbili watakaolipa: 550,000 kwa kaya 40 ni 13,750 kila moja. Kama wanachama hawaiwezi, ajirini mlinzi mmoja tangu mwanzo. Mlinzi naye aelezwe mapema kwamba akimkamata mtu anamkabidhi polisi bila kuchelewa. Hakuna mahabusu ya umoja.

Barabara ina mtego wake. Njia nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, hata ile ambayo hamjawahi kuona greda lake. Kabla ya kumwaga kifusi, kuweka tuta au kusimamisha geti, ombeni kibali kwa barua. Geti la umoja kwenye barabara ya umma bila kibali linaweza kung'olewa, na fedha zenu zimekwenda. Kibali kikipatikana, pigeni hesabu vizuri. Mita 200 za barabara yenye upana wa mita 4 na unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 120 baada ya kushindilia. Kabla ya kushindiliwa ni kama 150, yaani safari 22 za lori la mita za ujazo 7. Anzeni na mtaro, moramu ifuate. Katikati ya barabara pawe juu ya kingo kwa sentimita 10 hivi, maji yateremke pembeni. Kalavati lisipungue kipenyo cha sentimita 60, vinginevyo hamtaweza kulizibua. Kazi iishe Oktoba, kwa kuwa mvua za huku huanza Novemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Kwenye miteremko ya chini ya mlima Loleza, moramu iliyomwagwa bila mtaro haifiki Machi. Maji hufuata njia ya matairi na kuibeba yote.

Wapangaji nao wanapaswa kutazamwa kwa haki. Cha kudumu, kama barabara, mtaro au nguzo, alipe mwenye nyumba, kwa sababu thamani inabaki kwake. Cha kila mwezi, kama ulinzi na taka, alipe anayeishi humo. Na anayelipa apige kura. Katiba inayomtoza mwanafunzi aliyepanga Iyunga kisha inamnyima kura inakaribisha mgomo.

Kuna wanaoona kwenye mtandao vyama vya wenye nyumba vya Marekani, ambako aliyenunua nyumba amejiunga papo hapo kwa hati ya ununuzi, na asipolipa ada chama kinaweza kuweka dai juu ya nyumba yake. Kwetu, kilicho karibu na hapo ni majengo yenye hati za sehemu, kwa sheria ya mwaka 2008, ambako wamiliki wa sehemu za jengo moja wanabanwa kuwa na chama chao. Nyumba ya kiwanja chake Kihesa au Uyole haimo humo.

Kwa hiyo tangazo lijalo liandikwe kwa jina la aliyeamua: "Umoja wa Wakazi, mkutano wa tarehe fulani, wanachama 41 kati ya 60 wamekubali ada iwe 13,750." Chini yake saini ya katibu wa umoja na namba ya akaunti. Mwenye swali aelekezwe kwa mweka hazina, na ofisi ya mtendaji iachiwe kazi zake.