Je, wajua kwa nini staa hukwama kwenye swali la darasa la tatu?

Budapest ni mji mkuu wa nchi gani ya Ulaya? Swali hilo aliulizwa mwimbaji wa Marekani Kellie Pickler mwaka 2007, katika toleo la mastaa la kipindi cha Are You Smarter than a 5th Grader? kilichorushwa na televisheni ya Fox. Lilikuwa swali la jiografia ya darasa la tatu, na thamani yake dola 25,000. Pickler akasema alidhani Ulaya ni nchi. Mwishowe akakopi jibu la mtoto aliyekuwa akishirikiana naye, na mtoto alikuwa ameandika Hungaria. Video ile bado inazunguka mitandaoni na watu wanaangua vicheko. Mimi naona wanaocheka wamelipita jambo lenyewe: wengi wao, wakikaa kwenye kiti kile, watakwama kwenye swali jingine la darasa lilelile.

Maswali ya kipindi yalikuwa ya masomo ya darasa la kwanza hadi la tano, mawili kwa kila darasa, kisha moja la mwisho la dola milioni moja. Watoto walikaa kwenye madawati pembeni, na mshiriki aliruhusiwa kuchungulia jibu lao, kulikopi, au kuokolewa nalo. Aliyeshindwa aliitazama kamera na kutamka kwamba yeye si mwerevu kuliko mwanafunzi wa darasa la tano. Jambo ambalo watazamaji wengi hawakulijua ni kwamba kabla ya kurekodi, watoto wale walipewa vitabu vya mazoezi vyenye mambo ya masomo hayo, na baadhi yake yaligusa moja kwa moja maswali ya kipindi. Mtoto alikuwa ametoka kudurusu. Staa alikuwa ameliacha somo miaka mingi nyuma.

Tena kusahau kwenyewe hakungoji miaka. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe: alikariri orodha za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni juhudi kiasi gani anaokoa akizijifunza upya. Baada ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imetoweka. Baada ya siku moja, takriban theluthi mbili. Baada ya mwezi, kama asilimia 80. Hasara kubwa huja mwanzoni, halafu mteremko unalegea.

Lakini masomo ya shule si silabi tupu, na hapa ndipo kazi ya mwanasaikolojia Harry Bahrick inaponivutia kuliko zote. Mwaka 1984 alitoa matokeo ya kuwapima watu 733 waliosoma Kihispania shuleni au chuoni, wengine miaka 50 nyuma. Walikuwa wamepoteza mengi katika miaka mitatu hadi sita ya kwanza. Kilichobaki baada ya hapo kilikaa bila kupungua kwa miaka hata 30. Mwaka 1991, yeye na Lynda Hall wakageukia aljebra. Waliosoma hisabati mpaka kufikia kalkulasi, tawi la hisabati ya juu, na zaidi walikuwa bado na aljebra yao miaka 50 baadaye. Walioishia kwenye aljebra yenyewe walishuka hadi karibu kulingana na watu ambao hawakuisoma kabisa. Alama za mtihani zilichangia kidogo mno! Aliyekuwa wa kwanza darasani na aliyekuwa wa katikati, wote wakiliacha somo, wanalisahau kwa kasi inayokaribiana. Kilichoamua ni muda ambao mtu aliendelea kulirudia, mwaka baada ya mwaka. Njia ya shamba isiyopitwa huota majani, hata kama ilichongwa vizuri.

Ndiyo maana mtu mzima aliyesoma Tanzania anaweza kukutajia MAGAZIJUTO, mpangilio wa kufanya hesabu, bila kusita: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa; kisha umpe 3/4 ugawe kwa 2/5 akodoe macho. Neno moja limeshika mambo matano kwa pamoja, na limeimbwa darasani mara nyingi. Kanuni ya kugeuza sehemu ya pili kabla ya kuzidisha haikupata bahati hiyo.

Kuna pia tofauti kati ya kutambua na kukumbuka. Pickler angeonyeshwa ramani yenye majina, huenda angelipata jibu haraka. Swali la wazi linakutaka ulitoe jina mwenyewe, bila dokezo, mbele ya taa kali na hadhira inayosubiri. Na hofu huongeza homoni ya kotisoli, ambayo huvuruga utoaji wa kumbukumbu hata pale ambapo kitu kimo kichwani.

Mtu wa kwanza kushinda ile dola milioni, mwaka 2008, hakuwa staa. Alikuwa Kathy Cox, mkuu wa elimu wa jimbo la Georgia, aliyewahi kufundisha maarifa ya jamii kwa miaka mingi. Swali lake la mwisho lilikuwa la historia, somo alilolipitia tena na tena mbele ya wanafunzi: ni mtawala gani wa Uingereza aliyekaa kwenye kiti muda mrefu kuliko wote? Alijibu Malkia Victoria, akapata. Elizabeth II alimpita Victoria mnamo Septemba 2015, hivyo jibu hilohilo leo lingehesabiwa kosa.