Usiniulize bei ya kupanda, niulize mzunguko

Mi kazi yangu ni kutafutia malori mizigo, yaani dispacha wa kujitegemea, nakaa Tororo, na kabla ya hapo nilikuwa karani wa ajenti wa forodha pale Malaba. Watu wangu ni wale wenye gari moja au mbili, wengi wanaendesha wenyewe. Kila siku simu ni ile ile, "dada, kupanda kutoka Mombasa saa hii wanalipa ngapi?" Kupanda ni kutoka bandarini kuja bara, kushuka ni kurudi bandarini, na mzunguko ni yote mawili. Nawajibu, lakini swali la kupanda peke yake ndo linawamaliza, kwa sababu Mombasa mpaka Kampala ni kama kilomita 1,170 na vitu vinavyopanda kuja kwetu ni vingi kuliko vinavyoshuka, kwa hiyo gari nyingi zinarudi tupu au zimebeba kontena tupu la kurudisha, na mafuta ya kushuka hayakusamehe eti kwa sababu huna mzigo.

Chukua Juba. Tuseme mtu anakupa dola 1,900 kutoa mzigo Kampala, unapita Gulu, unavukia mpakani Elegu, jumla kama kilomita 630. Ukigawa unaona dola 3 kwa kilomita, unafurahi unawasha gari. Sasa kule kurudi mara nyingi hakuna kitu, kwa hiyo umetembea kilomita 1,260 na ile dola 3 imekuwa 1 na nusu, na hapo sijaweka siku za kukaa kwenye foleni mpakani, chakula chako na cha tanboi, yaani msaidizi wako wa garini, na tairi. Mzigo wa pesa kidogo ambao una wa kurudi nao unaweza kuushinda kwa mbali huo wa Juba. Mi huwa sikubali mzigo wa mtu kabla sijajua gari itarudi na nini, hata kama ni kuahidiwa tu na mtu ninayemjua.

Halafu watu wanachanganya dispacha na dalali. Dalali anashika mzigo, anautafutia gari ya bei ya chini kadiri anavyoweza, na kinachobaki katikati ni chake. Dispacha anakaa upande wa gari, analipwa na mwenye gari. Mi nachukua asilimia 7 ya nauli, na nachukua wewe ukishalipwa, sio kabla. Wenzetu Marekani wameitenganisha hii mpaka kwenye sheria, dalali lazima awe na leseni na dhamana ya dola 75,000, na mwaka 2023 shirika lao la usalama wa malori, FMCSA, lilitoa mwongozo wa kueleza dispacha akifanya nini anahesabika kuwa dalali. Huku kwetu mtu yeyote mwenye simu na grupu la WhatsApp anaweza kukuambia ana mzigo. Kwa hiyo swali la kwanza uliza hivi, mwenye mzigo ni nani na nani ananilipa? Akizunguka zunguka, achana naye.

Nasema hivyo kwa sababu iliniuma. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa mzee mmoja mzigo nikidhani nimeupata kwa mwenyewe, kumbe juu yangu kulikuwa na watu watatu, kila mmoja amekata chake. Mwenye mzigo alitoa dola 2,000, mzee akapata 1,450, na salio lilikaa miezi miwili kwa sababu kila mtu alikuwa anamngoja wa juu yake. Asilimia yangu nilimrudishia. Tangu siku hiyo nataka jina la mwenye mzigo, advansi ya mafuta kabla gari haijatoka, na tarehe ya salio iandikwe, sio "ukifika tutaongea".

Makaratasi sitakaa sana: Yellow Card ya COMESA, ile bima ya gari ya kuvukia mipaka, iwe hai, bima ya mzigo iwe hai, uzito usipite. Sheria ya Afrika Mashariki inaishia tani 56 kwa gari ya ekseli 7, yaani mistari saba ya magurudumu, na yako ikiwa na ekseli chache haufiki huko. Na ukiharibikiwa njiani usihamishie mzigo kwenye gari ya rafiki, karatasi za forodha zina namba ya gari yako, piga simu kwanza mamlaka ya mapato, URA ya Uganda au KRA ya Kenya, wajue, hata kama ni saa nane usiku.

Sasa hapa ndo napenda mwenyewe, kontena. Mzee mmoja alipandisha vigae kwenye kontena ya futi 20, akashusha Namanve karibu na Kampala, mkataba unasema kontena irudi Mombasa tupu na siku za bure, yaani kabla kampuni ya meli haijaanza kukutoza kwa kuchelewa nayo, zinahesabika. Badala ya kushuka hivyo nikapigia mtu wa kahawa Kampala nikamuuliza anasafirisha na kampuni gani ya meli, ikawa ni ile ile yenye kontena, wakakubali kwa maandishi itumike kupeleka kahawa. Lakini kahawa inavuta harufu, kontena iliyobeba sabuni au dawa haifai kabisa. Nikamwambia mzee aingie ndani, tanboi afunge milango, asimame gizani dakika mbili. Ukiona nukta ya mwanga kwenye bati, pale maji yataingia. Aliona moja karibu na kona ya juu, ndogo kama kichwa cha msumari, ikazibwa na fundi asubuhi hiyo, mkaguzi wa kahawa akanusa, akapitisha.

Zikaingia gunia 320 za kilo 60, tani 19 na kidogo, kontena katikati ya trela ili ekseli zisilalamike. Nauli ya kushuka haikuwa kubwa, ila ililipa mafuta ya kwenda na kurudi yote, na ile ya kupanda akabaki nayo.

Alinipigia akiwa Mariakani ametoka mizani salama, bandari iko mbele yake, hakuuliza tena kupanda ni ngapi. Aliuliza, "dada, safari hii nikipanda na kontena, nichukue ya meli gani?"