Mtaji wa uendeshaji: kwa nini kampuni yenye faida inaweza kukosa hela ya mshahara

Mtaji wa uendeshaji ni fedha iliyofungwa katika shughuli za kila siku za kampuni: taslimu iliyopo benki, malighafi iliyoko ghalani, bidhaa inayosubiri mnunuzi, na hela iliyo mikononi mwa wateja ambao hawajalipa. Katika jumla hiyo unatoa madeni ambayo kampuni inatakiwa kuyalipa ndani ya mwaka. Kwa lugha ya mizania (orodha ya mali na madeni ya kampuni), ni mali za muda mfupi kutoa madeni ya muda mfupi.

Wanaofundisha usimamizi wa fedha za kampuni kwa kawaida huanza na maamuzi matatu: wapi pa kuwekeza, fedha itoke wapi, na faida igawanywe vipi. Mpangilio huo hauna kosa. Ila kwa mtu anayefanya biashara Mtwara au Lindi, ambako sehemu kubwa ya pesa ya mkoa huingia kwa miezi michache ya msimu wa korosho, mimi ningeanza na mtaji wa uendeshaji. Ukiuelewa huo, mengine yanafuata.

Mama lishe wa stendi ananunua samaki asubuhi, anakaanga, na hadi jioni hela imerudi mfukoni pamoja na faida. Mtaji wake unazunguka kila siku, ndiyo maana anaendesha biashara kwa kiasi kidogo sana. Kiwanda cha kubangua korosho ni kinyume chake kabisa. Minada inafunguliwa karibu Oktoba na kufikia mwanzoni mwa mwaka sehemu kubwa ya korosho imeshauzwa. Mwenye kiwanda lazima anunue ndani ya wiki hizo malighafi ya kubangua mwaka mzima, kwa sababu Mei hakuna mnada wa kwenda kuongeza. Ghala linajaa Desemba, kisha linapungua gunia kwa gunia: korosho zinachemshwa kwa mvuke, akina mama wanapaka mafuta mikononi ili utomvu wa ganda usiwachome, wanapasua, zinakaushwa, ganda laini la ndani linamenywa, halafu punje zinapangwa kwa madaraja. Gunia lililonunuliwa Novemba linaweza kusubiri zamu yake hadi Oktoba inayofuata, na muda wote huo riba inahesabiwa.

Tuweke namba. Hizi ni za mfano tu, za kampuni ya kufikirika iliyoko Masasi. Mwishoni mwa Novemba inanunua tani 200 za korosho ghafi kwa shilingi 2,500 kwa kilo, jumla milioni 500, zote mkopo wa benki wa mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 15. Tuseme kilo tano za ghafi zinatoa kilo moja ya punje. Hapo tunapata tani 40, na tukiuza kwa 18,000 kwa kilo mapato ni milioni 720 kwa mwaka, sawa na milioni 60 kila mwezi. Mishahara, umeme, vifungashio na usafiri ni milioni 10 kwa mwezi. Kabla ya riba, faida ni milioni 100. Biashara nzuri.

Mteja akilipa mwisho wa mwezi anapopokea mzigo, kila mwezi inabaki milioni 50 ya kupunguza mkopo. Ndani ya miezi kumi deni limekwisha, na riba yote inakuwa kama milioni 34. Faida inabaki milioni 66.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mteja ni yuleyule, bei ileile, korosho zilezile, lakini amekubaliwa kulipa baada ya siku 90. Miezi mitatu ya kwanza haiingii hata senti, na matumizi ya milioni 10 kwa mwezi nayo yanabidi yakopwe, kwa hiyo deni linapanda hadi milioni 530 kabla halijaanza kushuka. Riba inafika karibu milioni 57 na faida inashuka hadi kama milioni 42. Milioni 23 hivi zimeondoka bila mtu kuiba wala mashine kuharibika. Na hapo riba juu ya riba nimeiacha nje.

Lakini kinachoua si kupungua kwa faida. Angalia tarehe ya mkopo. Mwisho wa Novemba, siku benki inapotaka hela yake yote, kampuni bado inadaiwa milioni 80 za msingi, ukiacha riba, kwa sababu wateja hawajalipa mizigo ya miezi mitatu ya mwisho. Hesabu za faida na hasara zinaonyesha kampuni imepata. Akaunti ya benki inaonyesha haina kitu. Na mnada wa msimu mpya umeshafunguliwa, unadai milioni 500 nyingine. Vitabu vyote viwili vinasema kweli, ila vinajibu maswali tofauti: kimoja kinaandika mauzo siku mzigo ulipotoka, kingine kinaandika hela siku ilipoingia. Uwezo wa kulipa madeni kwa tarehe zake unaitwa ukwasi, na kampuni inaweza kuwa na faida bila kuwa na ukwasi.

Kodi nayo hufuata kitabu cha kwanza. Kampuni Tanzania hulipa kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida, kwa awamu nne za mwaka kulingana na makadirio. Mauzo ya mkopo yanaingia kwenye hesabu hiyo hata kama mteja hajalipa, na TRA haingojei mteja wako.

Njia ya kupima tatizo hili ni kuhesabu siku. Chukua siku ambazo bidhaa hukaa ghalani, ongeza siku za kumsubiri mteja, toa siku ambazo aliyekuuzia malighafi anakusubiri wewe. Kwa kiwanda chetu, gunia la wastani linakaa kama siku 180, mteja anachukua 90, na muuzaji anasubiri sifuri. Sifuri hiyo ni ya kuitazama. Chini ya stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08, mkulima anapeleka korosho AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), mzigo unaingia ghala kuu, unauzwa mnadani, na mnunuzi hautoi ghalani kabla ya kuulipia. Mwenye duka la jumla anaweza kuomba wiki mbili kwa aliyemletea sukari. Mbanguaji haombi chochote. Siku 270 zote anazibeba mwenyewe.

Mkulima naye ana mzunguko wake, na mara nyingi unamuumiza zaidi. Anayemuuzia kangomba, yaani mlanguzi anayenunua nje ya mfumo rasmi, korosho zikiwa bado mtini kwa 1,500 mwezi Agosti, wakati mnadani Novemba zingeleta, tuseme, 2,500, amekopa kwa riba ya asilimia 67 kwa miezi mitatu, ingawa hakuna aliyetamka neno riba. Hii ndiyo wanayoiita thamani ya fedha kwa wakati: shilingi ya leo na shilingi ya Novemba si kitu kimoja, na tofauti yake ina bei. Serikali imepiga marufuku kangomba miaka mingi, lakini hitaji la ada ya shule au matibabu halingojei mnada. Kwa maoni yangu, mkopo mdogo wa Agosti wenye riba ya kueleweka ungemmaliza kangomba haraka kuliko msako wowote.

Kutoka hapa tunafika kwenye kanuni ambayo wengi huikiuka: mkopo wa muda mfupi ununue kitu kinachogeuka hela kwa muda mfupi, na kitu cha kudumu kinunuliwe kwa fedha ya muda mrefu. Korosho ghafi, mkopo wa mwaka. Mashine ya kubangua itakayofanya kazi miaka kumi, mtaji wa wanahisa au mkopo wa miaka mingi. Ukinunua mashine kwa mkopo wa mwaka mmoja, mwisho wa mwaka benki itadai hela ambayo mashine haijaanza hata kuizaa.

Kanuni hiyo peke yake haitoshi, lazima pia malighafi iwepo. Kusini tunalo somo lake. Mavuno ya Tanzania yalifika kilele cha enzi hizo cha kama tani 145,000 msimu wa 1973/74, na miaka hiyo ya 1970 viwanda vikubwa vya kubangua vikajengwa kwa mikopo, ukiwemo wa Benki ya Dunia, vingi vikiwa huku: Mtwara, Newala, Masasi, Lindi. Mikopo ilikuwa ya muda mrefu, kama kanuni inavyotaka. Tatizo likawa korosho. Wakulima walihamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei waliyolipwa haikuwavutia, ugonjwa wa ubwiri unga ukashambulia maua, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mashine hazina habari na hayo. Gharama zake ziko palepale zikizunguka au zikilala. Vingine kati ya viwanda hivyo viliishia kuwa maghala.

Bei nayo ina mambo yake. Msimu wa 2017/18 kuna minada iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo; msimu uliofuata wanunuzi walitoa bei za chini kiasi kwamba Serikali iliingia yenyewe kununua kwa 3,300. Mbanguaji aliyepanga bajeti kwa bei moja tu hana mpango. Rudia hesabu ya Masasi kwa ghafi ya 3,000 badala ya 2,500 huku punje zikibaki 18,000: milioni 100 yote ya faida inaisha kabla ya kugusa riba.

Kupunguza mzigo inawezekana. Mteja wa nje anaweza kutakiwa alipe sehemu kabla, au benki yake iahidi kulipa mzigo ukipakiwa. Mkopo unaweza kufungwa na ghala lenyewe: korosho zinabaki chini ya dhamana ya benki, na magunia yanatolewa kadiri deni linavyolipwa. Njia ninayoipenda kwa kiwanda kichanga ni kubangulia wengine kwa ada. Mwenye korosho anabeba siku 180 za ghala, wewe unalipwa kazi yako kila mwezi. Faida kwa kilo ni ndogo, lakini mtaji unaohitajika ni mishahara na umeme tu.

Gawio, yaani mgao wa faida kwa wanahisa, ndilo la mwisho kati ya yale maamuzi matatu na fupi zaidi. Linatolewa na hela, halitolewi na faida ya kwenye karatasi. Katika mfano wetu wa siku 90, wanahisa wakiona milioni 42 na kutaka mgao Desemba, kampuni itabidi ikope ili iwalipe, huku ikiwa imekopa tena kwa ajili ya mnada. Mgao huo usubiri hadi mwishoni mwa Februari, mteja atakapokuwa amelipia mzigo wa Novemba.