Nani Alikuwa Akimkatalia? Kusikiliza Albamu Binafsi za Wanamuziki wa Roki ya Progresivu

Kuanzia Oktoba 1975 hadi Julai 1976, wanamuziki wote watano wa bendi ya Yes ya Uingereza walitoa albamu, kila mmoja ya kwake, ilhali bendi yenyewe ilikuwa hai na hakuna aliyefukuzwa wala kuhama. Albamu yao ya pamoja, Relayer, ilikuwa imetoka mwaka 1974, na iliyofuata haikutoka mpaka 1977. Katika pengo hilo mpiga gitaa Steve Howe alitoa Beginnings, mpiga besi Chris Squire akatoa Fish Out of Water, mpiga dramu Alan White akatoa Ramshackled, mpiga kinanda Patrick Moraz akatoa The Story of I, na mwimbaji Jon Anderson akamalizia na Olias of Sunhillow. Kwa anayetaka kuelewa jinsi roki ya progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi na mapigo yanayobadilika, ilivyotungwa, sijui mfano bora kuliko huu: ni sawa na kumkuta fundi ameifungua saa na kulipanga kila gurudumu peke yake mezani.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu neno. Sisi tuliokulia katika muziki wa dansi tukisikia "solo" tunafikiria gitaa linaloongoza, lile linalosimama juu ya ridhimu na besi, na kwa hiyo "albamu ya solo" masikioni mwetu inaweza kuwa albamu ya mpiga gitaa. Nitasema albamu binafsi, yaani ile ambayo mwanamuziki wa bendi ameitoa kwa jina lake mwenyewe.

Watu wengi huzisikiliza albamu hizi wakimtafuta msanii "halisi", kana kwamba bendi ilikuwa imemfunika na sasa amefunuliwa. Mimi huziendea kwa swali jingine: ndani ya bendi, nani alikuwa akimkatalia? Wimbo kama Close to the Edge wa mwaka 1972, unaojaza upande mzima wa santuri kwa takribani dakika 18, haukutungwa na mtu mmoja kisha wengine wakaupiga. Mmoja alileta mdundo, mwingine akabadilisha hesabu ya mapigo, wa tatu akataka sehemu fulani ikatwe, na kilichobaki ni kile ambacho watu wote chumbani walishindwa kukipinga. Mwanamuziki akitoka na albamu yake, anabeba mawazo yake yote, lakini wale wapinzani anawaacha nyuma.

Nianze na Squire, na kwa kuwa mimi mwenyewe nimepiga besi katika bendi za hoteli kwa miaka mingi, sitajifanya sina upendeleo. Besi kwa kawaida hukaa chini, ikishikana na dramu, na msikilizaji huitambua zaidi inapokosekana. Squire hakuipiga hivyo. Alilicharaza gitaa lake la besi, la chapa ya Rickenbacker, kwa kipande kigumu badala ya ncha za vidole, na sauti yake ikawa na makali kiasi kwamba mara nyingi besi ya Yes inaimba wimbo wake wa pembeni. Kilichomzuia asijaze kila nafasi ni Howe, ambaye naye alikuwa na mambo mengi ya kusema huko juu. Sasa, katika Fish Out of Water hakuna mpiga gitaa la solo. Squire mwenyewe amepiga kidogo gitaa la nyuzi 12, basi. Ukimwambia mpiga besi yeyote kwamba mpiga solo ameondoka na studio ni yake, utatarajia dakika 40 za majigambo.

Hilo halikutokea, na sababu yake ni kwamba Squire alijichagulia mtu wa kumkatalia. Mtu huyo alikuwa Andrew Pryce Jackman, aliyeimba naye utotoni katika kwaya ya kanisa la St Andrew's huko Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa London, na baadaye akawa mwenzake katika bendi ya The Syn miaka ya 1960. Jackman ndiye aliyeandika sehemu za okestra. Okestra iliyoandikwa karatasini haisukumwi pembeni kwa urahisi kama mpiga gitaa anayebuni papo hapo: nyuzi zikiingia katika kipimo fulani, besi lazima iwe imekwisha kupisha. Kwenye dramu alimweka Bill Bruford, aliyeiacha Yes mwaka 1972 na ambaye kamwe hakuwa mtu wa kufuata tu anakopelekwa. Hata ogani ya mabomba inayosikika katika wimbo wa kwanza, Hold Out Your Hand, ilipigwa katika Kanisa Kuu la St Paul's na Barry Rose, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kwaya ile ya Kingsbury. Yaani Squire alipopewa uhuru wote, alikwenda kuwatafuta watu waliomjua tangu hajawa maarufu.

Sikiliza Lucky Seven, ambao umejengwa juu ya mapigo saba kama jina lake linavyodokeza. Besi inarudia kifungu kifupi, Bruford anahamisha mkazo ili sikio lisitulie, na saksafoni ya Mel Collins inajibu kwa uvivu wa makusudi. Hakuna anayekimbia. Safe, wimbo wa mwisho, unachukua kama dakika 15 ukiizungusha sauti moja fupi na kuikuza kidogo kidogo mpaka okestra nzima inaibeba. Wapo wanaoona mwisho wake umerefushwa kupita kiasi, nami siwalaumu, ingawa sijawahi kuukatisha.

Howe ni kinyume chake. Katika Beginnings alikuwa na wachezaji wazuri, White na Bruford wakiwa miongoni mwa wapiga dramu, lakini hakuwa na mtu wa kumwambia asiimbe. Ndani ya Yes sauti yake ilikaa chini ya sauti za Anderson na Squire kama chumvi ndani ya mchuzi. Hapa imewekwa mbele, nyembamba, ikitafuta noti. Inasikitisha, kwa sababu magitaa yaliyo nyuma yake ni ya kiwango cha juu, na kibao kinachoipa albamu jina lake, ambacho Moraz alikipangia okestra ndogo na hakina mwimbaji, ni kizuri kweli. Howe inaonekana alijifunza: albamu yake ya mwaka 1979 ina uimbaji kidogo sana, na katika wimbo mmoja alimwachia kazi hiyo Claire Hamill.

Albamu ya White sitakaa nayo sana. Nyimbo ziliandikwa zaidi na marafiki zake wa bendi ya awali, na mtu huweza kuisikiliza yote bila kukumbuka kwamba mwenye jina ndiye anayepiga dramu. Si albamu mbaya, ila White alikuwa mtu wa kuwabeba wenzake, na hakuwa na mzigo uliokataliwa wa kuutoa nje. Moraz, Mswisi aliyeingia Yes mwaka 1974 baada ya Rick Wakeman kuondoka, alikuwa nao mwingi. The Story of I imechanganya vinanda vyake na ngoma za wapigaji wa Brazil, na inakwenda kasi kana kwamba amepewa muda mfupi wa kusema kila alichokihifadhi.

Olias of Sunhillow ndiyo albamu pekee kati ya hizo tano ambayo nisingeweza kuibashiri kwa kusikiliza Yes. Anderson alikuwa mwimbaji aliyekuja mazoezini na mawazo makubwa lakini mikono isiyoweza kuyapiga. Alilazimika kuyaeleza, na Howe au Squire wakayatafsiri, na katika tafsiri yakabadilika. Safari hii alijifungia nyumbani kwake katika kijiji cha Seer Green, akaimba sauti zote na kupiga kila chombo mwenyewe: kinubi, magitaa, vinanda vya umeme, ngoma. Kisa ni cha sayari inayoangamia na Olias anayejenga chombo cha kuwahamisha watu wa makabila manne. Wengi walishuku kwamba rafiki yake Vangelis, mpiga kinanda wa Ugiriki, alimsaidia kwa siri, na Anderson akakanusha. Mimi naamini kanusho hilo kwa kusikiliza tu, kwa kuwa hakuna mahali katika albamu nzima ambapo mikono inaringa. Uzuri wake umetokana na tabaka za sauti zilizopangwa kwa subira, mapigo mepesi yanayojirudia na kinubi kinachopita kama maji. Kinachokosekana ni mvutano, kwani hakuna anayevuta upande wa pili. Nchini Uingereza ilifika nafasi ya 8 katika chati ya albamu.

Kwa Genesis, bendi nyingine ya Uingereza ya roki ya progresivu, albamu binafsi ilifanya kazi tofauti kabisa. Mwaka 1975, mwimbaji wao Peter Gabriel alipokuwa anaondoka na hatima ya bendi haijulikani, mpiga gitaa Steve Hackett alirekodi Voyage of the Acolyte, akiwatumia wenzake wawili wa Genesis, Mike Rutherford kwenye besi na Phil Collins kwenye dramu. Kwa hesabu hiyo albamu ina watu watatu kati ya wanne waliobaki, na pia Collins ameimba wimbo mmoja, Star of Sirius, miezi michache kabla ya kukabidhiwa uimbaji wa Genesis. Nani basi alikuwa amekosekana? Tony Banks, mpiga kinanda. Ukisikiliza albamu hiyo ukiwa na swali langu, unaisikia nafasi aliyokuwa akiijaza Banks: sasa gitaa linaweza kukaa na noti moja ndefu, filimbi ya mdogo wake John Hackett inasikika bila kusukumwa, na ukimya unaruhusiwa. Baada ya kuionja nafasi hiyo, kurudi kwenye foleni kulikuwa kugumu. Kipande chake Please Don't Touch kilikataliwa na bendi, naye akaondoka mwaka 1977 na kukifanya jina la albamu yake iliyofuata, jina ambalo siamini liliwekwa bila kinyongo hata kidogo.

Gabriel mwenyewe ilimchukua albamu tatu kupata dawa ya tatizo la kukosa wa kumkatalia. Ya kwanza, ya mwaka 1977, ina Solsbury Hill yenye hesabu ya mapigo saba inayokwenda kwa wepesi hata wengi hawaitambui, lakini kwa jumla inarukaruka kutoka mtindo hadi mtindo. Katika ile ya mwaka 1980 aliweka katazo: wapiga dramu wasitumie matoazi. Katazo linaonekana dogo, ila jaribu kumwambia mpiga dramu yeyote. Matoazi ndiyo yanayoziba nyufa kati ya sehemu za wimbo. Ukiyaondoa, anga ya juu inabaki wazi na kila pigo la ngoma linasimama uchi. Katika wimbo wa Intruder, Collins, mwenzake wa zamani, alipiga dramu, na fundi wa sauti Hugh Padgham akazinasa kwa kipaza sauti cha mawasiliano, kile kinachowekwa ili mafundi wawasikie wanamuziki wanapozungumza. Kifaa hicho huinua sauti ndogo na kubana kubwa, hivyo mwangwi wa chumba ulivimba. Padgham akaukata ghafla kwa chombo kinachofunga sauti inaposhuka chini ya kiwango. Kishindo kikubwa, kisha ukimya. Kama kungekuwa na matoazi, mlio wao mrefu ungekuwa umevuruga mpango wote. Mwaka 1981 Collins aliibeba sauti hiyo hiyo hadi kwenye albamu yake ya kwanza binafsi, na dunia nzima ikaisikia katika In the Air Tonight.

Swali langu hushindwa kwa mtu mmoja, nami sioni aibu kusema hivyo. Peter Hammill, mwimbaji wa bendi ya Van der Graaf Generator, alitoa Nadir's Big Chance mwaka 1975 akiwa na wenzake wote wa bendi studioni, nyimbo zikiwa fupi na kali, na mwaka huo huo watu walewale wakarudi kuwa bendi. Hapo huwezi kujua mpaka uko wapi, na inaonekana wenyewe haukuwashughulisha.

Nirudi kwa Yes. Mwishoni mwa mwaka 1976 walikutana Montreux, Uswisi, kurekodi Going for the One, Moraz akiwa ametoka na Wakeman amerudi. Albamu inafungwa na Awaken, wimbo wa zaidi ya dakika 15. Katikati yake vyombo vikali vinanyamaza, na kinachobaki ni kinubi, kilekile ambacho Anderson alikuwa amejifungia nacho Seer Green, kikipigwa sasa mbele ya watu wanne waliokuwa na haki ya kukikataa. Kisha inaingia ogani ya mabomba, chombo ambacho Squire alikuwa amekitumia kuanzisha albamu yake; safari hii Wakeman aliipiga katika kanisa la Vevey, kilomita chache kutoka studio, na sauti ikasafirishwa kwa waya za simu hadi kwa wenzake waliokuwa wakimsubiri Montreux.