Mradi wa maji, mfereji na choo cha shule: dhana potofu zinazokula bajeti

Ukitaka kujua mradi wa maji utaishi miaka mingapi, usianzie kwenye tangi lenye rangi mpya. Chukua bajeti yake, utafute vile vitu ambavyo hakuna anayevipiga picha siku ya uzinduzi: kupima wingi wa maji ya kisima, vipimo vya maabara, raba za pampu, njia ya gari la kunyonya majitaka. Visipokuwemo, mradi una siku chache. Vichwa vyenye nukuu hapa chini ndizo dhana potofu zenyewe; mifano ni ya vijijini Tanzania, ingawa hesabu zake zinafaa popote.

“Mfadhili anataka andiko refu”

Anayepitia maombi huanza na jedwali la gharama, kisha viambatisho. Kurasa sita zinatosha zikiwa na vitu vyake: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji uliopitisha mradi, pamoja na mahudhurio yenye saini, maandishi ya kutoa eneo, makadirio yaliyoandaliwa na mhandisi wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya au wa halmashauri, na kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya maji ya bonde, kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inavyotaka. Hayo maandishi ya eneo ndiyo hupuuzwa kuliko yote. Mzee anasema mbele ya watu, “chimbeni hapo, ni sadaka yangu,” watu wanapiga makofi, hakuna anayeandika. Akifariki, warithi wanazungushia ua, na pampu iko ndani.

“Maji yakiruka tu, kisima kimefaulu”

Hapa ndipo pesa nyingi huzama. Maji kuruka wakati wa kusafisha kisima hakukuambii kisima kitatoa kiasi gani kila siku kwa miaka. Kinachokuambia ni kukipampu mfululizo, kwa kawaida saa 24 kwa kisima cha mradi wa bomba, huku kina cha maji kikipimwa na kuandikwa, kisha pampu izimwe na mtu aangalie maji yanapanda kwa kasi gani. Mkandarasi akitaka kumaliza kwa saa mbili, mkatalie.

Tufanye hesabu. Kijiji cha watu 1,500, kwa kiwango cha sera ya maji ya 2002 cha lita 25 kwa mtu kwa siku, kinahitaji lita 37,500. Sera hiyo hiyo ilitaka kituo kimoja cha kuchotea kihudumie watu 250 ndani ya mita 400, kwa hiyo vituo ni 6. Tuseme kisima kimepimwa na kinatoa lita 3,000 kwa saa. Kwa umeme wa gridi, pampu ikifanya kazi saa 12 na nusu, kijiji kimepata maji yake. Ukifunga sola peke yake, jua la maana ni kama saa 6 kwa siku, na unapata lita 18,000. Kisima kile kile, pampu safi, watu nusu wanarudi na ndoo tupu. Ndiyo maana uamuzi wa sola au umeme haufanywi kabla ya majibu ya kupima kisima. Sola ikilazimika, bajeti iwe na kisima cha pili, au jenereta ya kuongezea saa. Betri usihangaike nazo. Weka tangi kubwa, maana maji ya mchana ndiyo akiba yako ya usiku.

Kuna na maabara. Kwenye maeneo ya Arusha, Manyara, Singida na Shinyanga, madini ya floraidi yanaweza kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Maji hayo ni meupe na matamu, na mtoto anayeyanywa anaota meno ya kahawia. Yakizidi sana, mifupa inapinda. Kuchemsha hakusaidii, maana mvuke unaondoka na floraidi inabaki sufuriani. Pwani tatizo ni chumvi: ukipampu kupita kiasi, maji ya bahari yanafuata. Vipimo vifanyike kabla ya kununua hata bomba moja.

Neno moja kuhusu mkataba. Sharti la “hakuna maji, hakuna malipo” linapendwa sana na kamati kwa sababu linasikika kama ulinzi. Mkandarasi naye ana akili: akigusa maji ya kwanza anasimama hapo, hata kama mita 30 chini kuna mwamba wenye maji ya kutosha. Afadhali kulipa kwa mita iliyochimbwa, mtaalamu wa maji chini ya ardhi akiwapo, na kutenga fedha ya kisima kimoja kikavu.

“Mchango wa wananchi ni lazima uwe pesa taslimu”

Wafadhili wengi wanakubali nguvu kazi na vifaa, mradi vihesabiwe. Mtaro wa kilomita 2, upana nusu mita, kina sentimita 90, ni mita za ujazo 900. Kwenye udongo wa wastani mtu mmoja huchimba kama mita 2 za ujazo kwa siku, kwa hiyo hizo ni siku-mtu 450. Kibarua cha mahali penu kikiwa Sh 10,000, mmechangia Sh 4,500,000, na inaandikwa kwenye jedwali. Masharti ni mawili. Daftari la mahudhurio lijazwe siku ile ile, na kina kipimwe kwa fimbo yenye alama. Mtaro wa sentimita 40 unajazwa kwa furaha siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, halafu msimu wa kilimo jembe la ng'ombe linapasua bomba.

“Maji ya msaada yasiuzwe”

Bomba ni msaada. Umeme, msimamizi wa kituo na vipuri si msaada. Kituo cha watu 250 kikiuza ndoo 100 tu kwa siku kwa Sh 50, ni Sh 150,000 kwa mwezi. Vituo 6 ni Sh 900,000. Pesa hiyo iingie akaunti ya chombo cha watumia maji, CBWSO, kinachotambuliwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, isikae mfukoni mwa mwenyekiti.

Hata pampu ya mkono ya Afridev inataka fedha hiyo, ila kidogo. Asubuhi mkipiga mpini mara ishirini ndipo maji yatoke, vali ya chini inavuja na maji ya bombani yamerudi kisimani usiku. Mpini ukiwa mwepesi na maji yakitoka kidogo kutwa nzima, raba ya pistoni imeisha. Zote mbili ni kazi ya asubuhi moja kwa mtu aliyefundishwa. Tumeona pampu ikilala mwaka mzima kwa ajili ya raba inayoenea kiganjani, kwa sababu bajeti haikuwa na seti mbili za vipuri wala mafunzo ya mafundi wawili wa kijiji.

“Shule inahitaji matundu ya choo tu”

Kiwango ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Shule ya wanafunzi 420, nusu kwa nusu, inahitaji matundu 11 ya wasichana na 9 ya wavulana, bila ya walimu na lile la wenye ulemavu. Hapo kila kamati inafika. Baada ya hapo sasa.

Shimo. Nyumbani mtu mmoja hujaza kama lita 50 kwa mwaka; mwanafunzi anayeshinda nusu siku tuchukue 25. Wanafunzi 420 ni mita za ujazo 10.5 kila mwaka. Shimo la mita za ujazo 30 limejaa kabla ya mwaka wa tatu, na kama jengo liko nyuma ya madarasa gari la kunyonya lisikofika, shule itaomba choo kipya. Liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na chini yake pabaki mita 2 kabla ya kufikia maji ya ardhini.

Bomba la hewa. Liwe la inchi 6, lipite juu ya paa nusu mita, na kileleni liwe na wavu. Inzi wa shimoni hufuata mwanga, wanapanda bombani na kunaswa pale. Bila wavu, umewajengea barabara. Na kwa choo cha aina hii usifunike tundu: hewa inaingia hapo ili harufu itoke juu.

Maji. “Tumeweka tangi la lita 10,000 la mvua, yametosha.” Kwa lita 5 kwa mwanafunzi kwa siku, wanafunzi 420 wanatumia lita 2,100; tangi linaisha siku ya tano. Paa la madarasa matatu, mita 24 kwa 8, likipata mvua ya milimita 20 linatoa kama lita 3,000 ukiondoa zinazopotea. Tangi la mvua linasaidia masika. Kiangazi kinataka bomba au kisima. Na tangi likijaa lina tani 10. Msingi wa tofali bila zege utapasuka.

Chumba cha wasichana kujisitiri kiwe na maji ndani, ndoano, komeo na njia ya kutupa taulo za kike hadi kwenye tanuri la kuzichomea. Bila tanuri taulo zinaishia tunduni, na choo cha kumwagia maji kinaziba ndani ya muhula.

Fedha zikija kwenye akaunti ya shule, kamati ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi ziwe na watu tofauti. Aliyenunua saruji asiwe ndiye anayeihesabu ikishuka.

“Tukisakafia mfereji, maji yataongezeka”

Zege haliongezi maji mtoni. Linapunguza yanayopotea njiani kati ya banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, na shamba.

Mazao ya bustani yakihitaji milimita 5 kwa siku, hekta moja inataka mita za ujazo 50. Mfereji wa udongo pamoja na umwagiliaji wa matuta ukipoteza nusu, toa 100 kutoka mtoni. Hekta 40 ni mita za ujazo 4,000 kwa siku, yaani lita 46 kwa sekunde usiku na mchana. Mto wenu ukibaki na lita 30 kwa sekunde mwezi Oktoba, kusakafia kukipandisha ufanisi hadi asilimia 60 kutawapa hekta 31. Hekta 9 bado ni kavu, na hapo hamjawaachia walio chini ya mto tone. Kwa hiyo pimeni mto Oktoba, msiupime Aprili.

Wa juu nao wana yao. Skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, ilionyesha mpunga unalipa. Wakulima wa juu ya mabanio wakaanza majaruba yao, na maji ya skimu yakapungua. Mabanio yalikuwa mazima kabisa. Wapare wenye ndiva zao, mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mifereji, wanajua siku nyingi kwamba zamu inapangwa kuanzia juu kabisa, na nani akose msimu huu linajadiliwa kabla ya mtu kuchanganya zege.