Kupima kombora la masafa marefu katika simuleta ya ndege za kivita

Katika majaribio ya Jeshi la Wanamaji la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndege ya F-14 ilirusha kombora la AIM-54 Phoenix dhidi ya shabaha iliyokuwa umbali wa takriban kilomita 200, na kombora likaifikia baada ya kusafiri kilomita 130 hivi. Umbali uliobaki ulimalizwa na shabaha yenyewe, iliyokuwa ikija kwa kasi kumkabili mrushaji. Nalitaja jaribio hilo kwa sababu wengi wanaopima makombora katika DCS World, simuleta ya kompyuta inayoiga ndege za kivita na silaha zake, huchukua masafa yaliyotangazwa, hurusha kombora kutoka umbali huo bila kujali kimo wala mwelekeo, na likikosa hutangaza kwamba simuleta ina kasoro.

Mimi huanza na shabaha inayokwenda moja kwa moja, kwa kimo kimoja na kasi moja, bila upepo, na joto la usawa wa bahari nikiliweka kwenye nyuzi 15. Jaribio hili hulifanya nje ya mtandao, kwani ucheleweshaji wa mawasiliano unaweza kuharibu vipimo. Baada ya hapo hubadilisha jambo moja tu kila ninaporudia, na safari nzima ya kombora huichunguza katika rekodi ya Tacview, programu inayoonyesha upya mienendo ya ndege na makombora baada ya kuruka.

Kugonga au kukosa hakunielezi mengi. Kinachonielimisha ni kasi iliyobaki kombora linapoikaribia shabaha, kwa maana injini ya roketi huwaka kwa muda mfupi tu, na sehemu kubwa ya safari kombora huenda kwa kasi lililokwisha kuipata, likipunguzwa mwendo na hewa. Ukinzani wa hewa hufuata densiti yake (yaani uzito wa hewa iliyomo katika ujazo fulani) pamoja na kipeo cha pili cha kasi. Na kwa kuwa densiti katika mita 12,000 ni kama robo ya ile ya usawa wa bahari, kombora lililorushwa huko juu hubaki na nguvu mahali ambapo lile la chini lingekuwa limechoka kabisa. Hii ndiyo sababu makombora mengi ya aina hii hupanda kwanza kwenye hewa nyepesi kisha hushuka. Katika jaribio lile la Phoenix, kombora lilipita kimo cha mita 30,000. Kwa hiyo pembe ya pua ya ndege wakati wa kurusha nayo ni kigezo, na lazima iandikwe.

Nashauri pia kasi zilinganishwe kwa mita kwa sekunde, si kwa Mach, yaani kipimo cha kasi kwa kulinganisha na mwendo wa sauti. Mach 1 ni takriban mita 340 kwa sekunde usawa wa bahari, lakini ni kama 295 juu ya mita 11,000, hivyo makombora mawili yenye Mach sawa katika vimo tofauti hayana kasi sawa.

Shabaha inayokwepa huja mwisho. Ikigeuka na kukimbia mara tu kombora linaporushwa, masafa hupungua mno. Ikigeuka huku na huko, kila sahihisho la uelekezaji hulilazimu kombora kujipinda, na kujipinda huongeza ukinzani.

Mfululizo huu wote unafaa kurudiwa kila simuleta inapopata toleo jipya, kwa faili zilezile za majaribio. Tazama kwanza kipande cha safari ambacho injini imezimika na kombora linakwenda bila kujipinda: ikiwa katika kimo kilekile na kasi ileile linapungua mwendo kama zamani, ukinzani haukuguswa, na tofauti yoyote ya matokeo itafutwe kwenye injini, uelekezaji au rada. Ikiwa upungufu huo wa mwendo umebadilika, vipimo vya zamani vya masafa ya kombora hilo havifai tena kulinganishwa na vipya.